Kana na agapanthasi: ndugu wa mgomba na ndugu wa kitunguu

Muuza miche mmoja wa kando ya barabara, hapa kwetu Nakuru, aliniambia neno ambalo nimelilipia miaka miwili. Mkono mmoja nilishika mche wa kana, mkono wa pili wa agapanthasi, nikamwuliza nizitunzeje. Akacheka. "Haya ni maua ya mtu mwenye kazi nyingi, mama. Mwagilia, tia mbolea ya ng'ombe, kisha uyasahau." Hakudanganya sana. Kumwagilia na kutia mbolea kunaifaa moja, kusahauliwa kunaifaa nyingine, lakini hakusema ipi ni ipi.

Mimi ni mtu wa Lanet. Dada yangu ameolewa Kisumu, upande wa Mamboleo. Disemba moja nilipokwenda kumsalimu nilimbebea gunia la viazi na fungu la agapanthasi zilizokuwa zimejaa langoni kwangu. Niliporudi alinifungia samaki wakavu na vipande vya mizizi ya kana, ile nyekundu inayowaka mbele ya nyumba yake mwaka mzima. Kila mmoja akapanda alichopewa kwa namna aliyozoea kupanda chake. Mimi nikaiweka kana juu ya tuta kavu na kuimwagilia siku niliyoikumbuka. Dada akachimba shimo refu, akalijaza samadi, akaizika agapanthasi mpaka shingoni, mahali pale pale ambapo maji ya mvua hutuama. Kana yangu haikupita goti. Agapanthasi yake ilitoa majani ya kupendeza msimu mmoja, kisha ikaanza kunuka kule chini.

Kilichotufumbua macho baadaye ni nasaba ya mimea hii. Kana iko katika kundi moja na mgomba, tangawizi, iliki na manjano. Agapanthasi iko katika ukoo wa kitunguu na kitunguu saumu. Ukishalishika hilo, maswali mengi ya matunzo yanajijibu yenyewe, kwa sababu hakuna mtu wa Kisii au Vihiga asiyejua mgomba unataka nini, na aliyewahi kulima vitunguu mara moja anajua vinaoza kwa sababu gani.

Majina yanayopotosha

Sokoni yote mawili huitwa lili. Kana huuzwa kwa jina la kana lili, na agapanthasi kwa jina la lili ya Nile au lili ya Afrika. Lili za kweli ni ukoo mwingine kabisa, na hata moja kati ya hizi mbili haimo. Dada yangu aliposikia jina la Nile alifurahi sana, maana anakaa karibu na ziwa ambalo mto huo unatokea, akaona ua limerudi kwao. Nikamharibia furaha. Agapanthasi zote kwa asili ni za kusini mwa Afrika: Afrika Kusini zaidi, kisha Lesotho, Eswatini na Msumbiji. Kando ya Nile haioti porini. Jina la kisayansi limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, agape, yaani upendo, na anthos, yaani ua. Waxhosa, walioishi nayo kabla ya Wagiriki kuazimwa maneno yao, wanaiita isicakathi, na kwao ni dawa ya kina mama wajawazito kuliko kuwa pambo.

Kana nayo ni mgeni kutoka mbali zaidi. Kwao ni Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, alipoiandika rasmi mwaka 1753 aliiita Canna indica, na ile indica imewafanya watu wengi wadhani ilitoka India, kumbe ni zile Indies za magharibi, visiwa vya Karibi na jirani zake. Canna lenyewe ni neno la kale la mwanzi. Kwa Kiswahili jina hilo lina mzaha wake: siku nilipomwonyesha mtoto wangu nikasema "hii ni kana", alisimama akisubiri nimalizie kana kwamba nini.

Kuna fundo jingine la majina linalowagharimu wanunuzi. Agapanthasi nyingi zinazouzwa duniani kwa jina la Agapanthus africanus si africanus hata kidogo, bali ni Agapanthus praecox. Africanus ya kweli ni mmea mgumu wa milima ya Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, haupendi kulelewa bustanini. Praecox ndiyo mvumilivu, ile yenye majani ya kijani mwaka mzima. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba africanus ni ngumu kukuza, usivunjike moyo kwa ajili ya ile iliyo langoni kwako. Zipo pia agapanthasi ambazo majani yake hukauka majira ya baridi na kuchipua upya, lakini hizo ni za nchi zenye baridi ya kweli na huku kwetu nimeziona picha tu.

Kwa upande wa kana, majina ya kisayansi hayasaidii sana, kwa kuwa karibu zote za bustanini ni machotara. Wafaransa walizichanganya kwa bidii katika karne ya 19, mji wa Lyon ukiwa mbele, na ndiyo maana leo unaweza kununua miche miwili inayofanana kabisa, mmoja ukakomea sentimita 60 na mwingine ukakupita kichwa, mita mbili na zaidi. Muulize muuzaji akuonyeshe mama wa mche huo. Akisema mama hayupo, panda nyuma ya kila kitu.

Kilichomo chini ya udongo

Ichimbe kana uone. Utakuta shina nene linalolala kifudifudi, lenye pingili na macho, mfano wa tangawizi iliyonenepa. Limejaa wanga. Watu wa milima ya Andes wamelila kwa maelfu ya miaka, na Vietnam hadi leo wanga wake hutengeneza tambi zinazong'aa kama kioo. Shina hili halitulii. Kila msimu linasonga mbele, linatoa jicho jipya upande wa nje na kuacha nyuma yake kipande kilichochoka. Ndiyo sababu shamba dogo la kana likifika mwaka wa tatu hutoa maua pembeni na kubaki uwanja katikati, kama kichwa cha mzee chenye upara. Si ugonjwa. Ni kwamba mmea umehama.

Mwenye migomba anajua la kufanya. Ng'oa, tupa vipande vikuukuu vya katikati, chukua vya nje vyenye macho mawili au matatu, tia samadi upya, panda tena kwa kina cha sentimita 5 hadi 10, nafasi ya nusu mita kati ya shimo na shimo. Kila miaka miwili au mitatu. Kana isiyogawanywa haifi, ila inakuwa kichaka cha majani.

Ichimbe agapanthasi sasa, kama utaweza. Utatoa jasho. Shina lake la chini ni fupi na limebanana, na kutoka kwake inashuka mizizi minene, myeupe, yenye nyama, imesokotana mfano wa kamba za meli. Mizizi hiyo ni mapipa ya maji. Kwa sababu yake agapanthasi iliyoshika huvuka Januari na Februari za Nakuru bila tone, majani yamelegea kidogo tu. Kwa sababu yake pia inaoza upesi ikikaa kwenye matope, kwani pipa lililojaa haliongezwi maji.

Hii haitaki kusumbuliwa. Igawe baada ya miaka minne au mitano, mara tu maua yanapokwisha, na usishangae ikinuna mwaka mzima bila kuchanua. Wengine husema agapanthasi inachanua tu ikibanwa, basi wanaiacha kwenye chungu hadi chungu kinapasuka. Hapo kuna ukweli uliovutwa kupita kiasi. Ikiwa na nafasi kubwa mno, mmea mchanga hushughulika na mizizi na majani kwanza, na kwa hiyo kubanana kidogo kunausukuma kuchanua. Ukibanwa hadi udongo umekwisha chunguni na kubaki mizizi mitupu, maua hupungua vilevile. Mimi huigawa nikiona imeanza kujiinua juu ya udongo, kama kitunguu kinachojionyesha mabega kabla ya kuvunwa.

Na hapo kwenye mabega ndipo dada alipokosea zaidi. Kitunguu hakizikwi. Agapanthasi hupandwa ile sehemu ya kukutana majani na mizizi ikiwa sawa na uso wa udongo, au chini yake kwa upana wa kidole tu. Ukiifukia shingo, maji yanaingia katikati ya majani na kuoza kunaanzia hapo.

Mji mmoja juu, mji mmoja chini

Nakuru imekaa kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu kwenye 1,130. Tofauti ya mita 700 inaonekana usiku kuliko mchana. Hapa Lanet natafuta sweta saa moja jioni, na kule Mamboleo dada analala madirisha wazi. Udongo nao hausemi lugha moja. Wetu ni wa volkano, chini ya Menengai, mwepesi, wa vumbi, unakunywa ndoo ya maji na baada ya saa mbili unauliza nyingine iko wapi. Wa bonde la Kano ni ule mfinyanzi mweusi, unaonata hadi viatu vinabaki nyuma wakati wa mvua, na wakati wa jua kali unapasuka hadi unaweza kuingiza mkono.

Agapanthasi imezaliwa kwa ajili ya huku kwetu. Udongo unaochuja, usiku wa baridi, jua la kutosha. Nimeipanda, nikaisahau kweli, na kila mwaka mvua fupi zinapokwisha vijiti vya maua huanza kuchomoza. Ya dada, ile iliyosalia baada ya kuinusuru, ina majani mengi na maua ya kuhesabu. Joto la usiku haliipendezi, na kivuli cha mwembe wake kinamalizia. Agapanthasi ikipata jua chini ya saa sita kwa siku hutoa majani ya kupendeza na ahadi.

Akina mama wa Kisumu wanaoitaka hata hivyo, wasiipande ardhini moja kwa moja. Inueni tuta la sentimita 30, mchanga mwingi, mboji kidogo, au tumieni chungu chenye matundu mapana. Upande wa Riat, kilimani, ambako ardhi ni ya mawe na maji hayakai, nafasi ni nzuri zaidi kuliko Nyamasaria.

Kana ndiyo mwenyeji wa Kisumu. Joto analipenda, mfinyanzi hamchukii, na maji yakituama siku mbili tatu hashtuki. Zipo hata jamii za kana zinazoota ndani ya maji ya kina kifupi. Sifa hiyo imeifanya iwe miongoni mwa mimea inayopandwa katika mabwawa ya kuchujia maji machafu sehemu nyingi za dunia, na bila kusoma hayo mahali popote, watu wetu wamekuwa wakiipanda nyuma ya bafu la nje tangu zamani. Wazee wanasema mgomba changaraweni haupandwi ukamea. Kana yangu ya tuta kavu ilikuwa imepandwa changaraweni hasa.

Nilipoielewa niliihamisha. Nilichimba mtaro mfupi mahali maji ya kufulia yanapomwagikia, nikachanganya samadi iliyooza vizuri karai tatu, nikafunika kwa nyasi kavu. Miezi minne baadaye ilikuwa imenifikia mabega. Maji ya sabuni ya kawaida haijayalalamikia. Yenye dawa ya kung'arisha nguo namwaga kwingine. Wakati wa kiangazi inapata ndoo mara tatu kwa wiki, na ikikosa, kingo za majani hukauka na kuwa kahawia kama karatasi iliyoguswa na moto.

Wa Molo na Mau Narok mnaoniuliza: baridi ya alfajiri ikifikia kuganda, majani ya kana hugeuka meusi siku moja. Kateni, acheni. Kile kilicho chini kitachipua joto likirudi. Ila mtaipata fupi na ya kuchelewa, na mimi ningekuwa kwenu ningepanda agapanthasi langoni na shida ingeisha.

Mbolea ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Kana ni mlaji. Samadi, mboji, hata kiganja cha mbolea ya dukani kila mvua zinapoanza, vyote vinaonekana kwenye maua. Agapanthasi ukiilisha hivyo inanenepa majani na kusahau kuchanua, kwa kuwa samadi mbichi imejaa naitrojeni, na naitrojeni ni chakula cha majani. Mimi huipa mboji kidogo mara moja kwa mwaka, na kiganja kimoja cha jivu la kuni lililopoa, ambalo lina potasiamu. Kiganja kimoja, si karai. Jivu jingi linaharibu udongo.

Ua lenyewe

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ua la kana ni tapeli la aina yake. Ule uzuri mwekundu, mpana, unaopepea, ambao kila mtu anauita petali, si petali. Petali za kana ni vijitu vitatu vyembamba vilivyojificha chini, hakuna anayevitazama. Kinachoonekana ni viungo vya kiume vya ua vilivyoacha kazi ya kutoa chavua na kugeuka mapambo. Kimoja tu kimebaki kazini, nacho nusu yake: upande mmoja umekuwa pambo, upande wa pili unabeba chavua. Ndiyo maana ukilikata ua la kana katikati huwezi kupata nusu mbili zinazolingana, hata ujaribu vipi. Chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda, hajali hesabu hizo. Hapa kwangu huja asubuhi mapema na kutumbukiza mdomo katika kila ua jekundu, na ya manjano huyaacha mwisho.

Ua moja la kana halidumu, siku moja au mbili limenyauka. Lakini shada lina maua mengi yanayopokezana, na chini ya shada la kwanza mara nyingi huchipuka la pili. Kwa hiyo usiwe mwepesi wa kisu. Ondoa maua yaliyonyauka moja moja, subiri shina zima limalize, kisha likate karibu na ardhi kama unavyokata mgomba uliokwisha kuzaa mkungu. Shina hilo halitachanua tena, na likibaki linawanyima nafasi wadogo zake.

Agapanthasi ni mkweli. Kijiti kimoja kitupu kinapanda hadi kiunoni au zaidi, juu yake kinafungua mwavuli wa maua madogo ya mfano wa tarumbeta, kila moja na vipande sita vinavyolingana, bluu, zambarau au nyeupe. Zipo fupi za kupanda kando ya njia. Iitwayo Peter Pan haizidi goti. Nyekundu haipo, na manjano haipo. Ukiuziwa agapanthasi nyekundu, umeuziwa kitu kingine.

Kwa kukata na kuweka mezani hakuna mashindano. Agapanthasi hukaa kwenye maji wiki nzima bila shida. Kana ukiikata inaanguka kabla wageni hawajafika. Kwa upande mwingine, kana ina majani, na bustani ambayo haina maua kwa wakati huo bado inapendeza ikiwa na yale ya rangi ya shaba au yenye mistari.

Mistari, na mistari ya ugonjwa

Hiyo mistari inahitaji maelezo, maana nimeona watu wakinunua ugonjwa kwa bei ya juu. Kuna kana iitwayo Pretoria ambayo majani yake yana mistari ya manjano kutoka katikati hadi ukingoni, iliyonyooka, iliyopangwa, jani hadi jani. Hiyo ni tabia yake. Na kuna virusi vya kana, ambavyo navyo huleta manjano kwenye jani: lakini madoa yametapakaa ovyo, mistari imekatika, jani limejikunja au lina makunyanzi, na ua lina mabaka ya rangi iliyopauka. Mmea huo hauna dawa. Ung'oe wote, pamoja na shina la chini, uuchome, usiutupe kwenye mboji.

Virusi hivi huenea zaidi kwa njia ile ile ya ukarimu wetu, yaani kugawana vipande. Baadhi hubebwa na vidukari, na kisu kichafu si cha kuaminiwa. Kipande kimoja chenye ugonjwa kikitoka kwa jirani kwenda kwa shemeji, kutoka kwa shemeji kwenda kanisani, mtaa mzima utakuwa na kana zilizodumaa na kila mtu atalaumu udongo. Siku hizi kabla ya kupokea kana naomba niyaone majani ya mama kwanza, na kisu nakisugua kwa spiriti kati ya mmea na mmea. Dada aliniona nina maringo. Sasa anafanya vivyo hivyo.

Kakamega na sehemu zenye mvua nyingi mtaona pia kutu, vipele vya rangi ya chungwa upande wa chini wa majani ya kana. Hiyo ni kuvu. Ondoa majani yaliyoshikwa, punguza msongamano, mwagilia chini badala ya kunyunyizia juu.

Agapanthasi haina mengi. Konokono wanalala kati ya majani yake mchana na kutoka usiku kula jirani zake, kwa hiyo ukiona mchicha umetobolewa, mkosaji anaweza kuwa amelala kwenye ua. Huko kwao Afrika Kusini kuna kiwavi anayetoboa kijiti cha maua na kushuka hadi shina la chini. Mimi sijakutana naye hapa. Kwetu Lanet adui ni fuko, na fuko hachagui ukoo, ingawa kana yenye wanga ameionja mara nyingi zaidi.

Wenye watoto wadogo na mbwa wajue kwamba kana haihesabiwi kuwa na sumu, ila utomvu wa agapanthasi huwasha ngozi na kuuma mdomoni. Vaa glavu unapoigawa.

Mbegu

Mbegu ya kana ni nyeusi, mviringo, na ngumu kama risasi ya bunduki. Waingereza waliipa jina la namna hiyo. Zimbabwe huitia ndani ya manyanga yao yaitwayo hosho, na kisiwani Réunion ndani ya kayamb, ndugu wa kayamba yetu. Ugumu huo si wa kuchezea: huko Argentina mbegu iliyokutwa ndani ya njuga ya kale, iliyokadiriwa kuwa na miaka karibu 600, ilipandwa ikaota. Ukitaka kuotesha yako usingoje hivyo. Ikwaruze kwa tupa upande mmoja hadi uone weupe, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu usiku mzima, panda. Huweza kukupa maua ndani ya mwaka huo huo, ingawa rangi ni bahati nasibu kwa kuwa mama zake ni machotara.

Ya agapanthasi ni nyepesi, bapa, ina kibawa, na ikizeeka haioti. Ipande mbichi, kisha subiri miaka mitatu hivi. Wengi hawana subira hiyo, na ndiyo maana vitalu vinauza iliyogawanywa. Kama huhitaji mbegu, kata kijiti mara maua yanapoisha. Huko New Zealand na jimbo la Victoria, Australia, agapanthasi imejisambaza kwa mbegu hadi ikahesabiwa gugu. Kana nayo ikifika kingo za mito haitoki kwa hiari, basi vipande unavyong'oa usivitupe mtoni.

Swali ambalo huulizwa mwisho ni kama zinaweza kukaa bustani moja. Zinaweza, kama kiwanja kina mteremko. Yangu sasa imepangwa hivi: agapanthasi juu, kwenye ukingo wa njia, ambako maji yanapita bila kusimama, kana chini kabisa, karibu na mtaro wa maji ya kufulia, na kati yake nimeacha nafasi ya mita moja na nusu, kwa sababu kana mrefu akiwekwa upande wa mashariki humla mwenzake jua la asubuhi. Dada naye ana agapanthasi moja tu, chunguni, juu ya ngazi ya mlango wa mbele. Mwaka jana ilitoa vijiti viwili. Alinipigia simu vilipofunguka, saa kumi na mbili asubuhi, nikadhani kuna msiba.